Mafundi wa Ramani na Migongo ya Kirinyaga

Barabara ya Nyeri kwenda Othaya haina haraka. Inashuka hadi mto Chania, inavuka, inapanda mgongo, inateremka tena hadi Gura, halafu inapanda upya. Nchi yote ya upande huu wa Mlima Kenya iko hivyo: mito ya mlima huo, tuuitao Kirinyaga, na ya milima ya Nyandarua imeichana ardhi ikaacha migongo mirefu iliyopangana. Kuufuata mgongo mmoja ni matembezi tu, ila kuvukia wa jirani ni jasho. Wakikuyu wa zamani waligawana makao kwa migongo hiyo, ukoo huu huku na ule kule, mto ukiwa mpaka. Mtu aliyekulia hapa, ukimketisha mbele ya gemu ya mikakati ya kihistoria, ataitazama ramani kabla hajalitazama jeshi. Nami naona yuko sahihi, maana ufundi mkubwa wa gemu hizi umejificha humo.

Chukua Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 na bado inachezwa. Ramani zake nyingi huzaliwa upya kila mchezo unapoanza, kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye faili la maandishi matupu. Fundi anaagiza: tandaza nchi kavu, inua vilima, panda misitu kwa mafungu lakini usiibananishe na makao ya mchezaji, kisha kila mmoja apate kondoo, matunda ya porini, dhahabu na mawe kwa umbali unaokaribiana. Agizo hilo la mwisho ndilo gumu. Ardhi inatakiwa ionekane imejiumba yenyewe, huku imepimwa kama sukari ya dukani. Mchezaji akishaiona mizani, uhondo umekwisha. Kwa hiyo fundi huacha kasoro ndogo za makusudi: dhahabu ya huyu iko nyuma ya mji, ya yule imekaa mbele, upande wa adui, na hapo habari ya vita inaanza kabla mkuki haujatupwa.

Miji yake nayo inastahili kutazamwa polepole. Majengo yote yamechorwa kutoka pembe moja, juu na kwa upande, hata uwanja wa mraba unageuka almasi iliyolala. Mkata kuni akisimama karibu na nyumba yake utagundua kwamba mlango haumtoshi. Wachoraji walijua walichokuwa wakifanya: kwa vipimo vya kweli ngome ingejaza kioo chote na mkata kuni asionekane kabisa. Wakaipunguza ngome, wakamkuza mtu, wakatia rangi ya mchezaji kwenye bendera na vitambaa vichache. Unatupa jicho mara moja na unajua soko ni lipi, kambi ya wapiga mishale ni ipi, na kwamba ile pale ni ya adui.

Nyongeza ya mwaka 2015 ilileta Ethiopia na Mali, mibuyu, na ramani zenye majina ya Kilimanjaro na Serengeti. Majengo yake ya udongo, yenye vijiti vya mbao vilivyochomoza ukutani, yalichorwa kwa upendo. Tatizo ni kwamba Waethiopia na Wamali waligawiwa majengo yaleyale, Mhabeshi wa nyanda za juu akajikuta mkazi wa Sahel. Nadhani ni mambo ya bajeti. Lakini kwa mtu wa Afrika Mashariki jambo hilo halipiti bila kuonekana.

Mafundi wa Firaxis, waliotoa gemu ya Civilization VI mwaka 2016, walichukua njia nyingine. Ramani yao ni ya vigae vya pembe sita, na mji haukai kwenye kigae kimoja: mtaa wa elimu unakwenda huku, bandari kule, mashamba katikati, mpaka umbo la mji lenyewe linaeleza ulivyokua. Mahali usipopajua hapafunikwi kwa giza tupu. Pamechorwa kwa wino kwenye karatasi iliyozeeka. Kilwa Kisiwani imo tangu 2018 kama mojawapo ya maajabu, na huwezi kuijenga popote ila kwenye kigae tambarare kinachogusa bahari. Ndivyo pwani inavyoelezwa bila aya hata moja ya historia.

Kilichonifanya nivue kofia ni Kilimanjaro yao. Haipandiki wala haipitiki, lakini vigae vinavyoizunguka huongezewa chakula. (Kwa nini Kilimanjaro na si Kirinyaga, Watanzania waringe tu.) Aliyewaza hivyo ameuelewa mlima wa volkano. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki zimeuzunguka wetu, hakuna hata mji mmoja ulio juu yake, na zote zinakula kwake: kahawa kwenye udongo mwekundu, mchele wa Mwea kwa maji ya Thiba na Nyamindi.

Jicho la gemu hizi lina asili inayotugusa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha Kirinyaga chenye mita 5,199, mwezi Septemba 1899. Mwaka 1904, mjini London, alitoa hotuba iliyousoma ulimwengu mzima kama ubao mmoja wa kugombea madaraka. Gemu ya Europa Universalis IV ya mwaka 2013 imeurithi mtazamo huo pamoja na doa lake: unaweza kuitawala Kilwa, lakini sehemu kubwa ya Afrika ya ndani imepakwa rangi ya nyika isiyoingilika. Migongo ya watu wanaolima haionekani kutoka mbali namna hiyo.

Misitu nayo kila gemu huichora kwa namna yake. Kwenye ramani ya Black Forest ya Age of Empires, miti ni ukuta mpaka uikate. Civilization VI inakaribia ukweli zaidi: msitu humchelewesha anayeingia na kumlinda aliyemo. Wapiganaji wa Mau Mau waliishi hivyo Nyandarua na Kirinyaga, na kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu, karibu na Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956.

Vifaa vya kutengeneza ramani ya gemu ya migongo yetu vipo. Vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000 hupatikana bure, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapa Nyeri, kinafundisha upimaji na ramani za kompyuta. Ningeanza na mito, niweke vivuko vichache, miti ije mwisho. Ugomvi utakuwa kwenye usawa. Wa Nanyuki atakuwa na uwanda na malisho lakini mvua haba, wa Chuka atakuwa na maji tele na miteremko isiyomruhusu kupanga jeshi, na wa Nyeri atabanwa kati ya milima miwili. Mafundi wa Age of Empires wangeirudisha ramani hiyo ikarekebishwe. Wa Europa wangeipokea kama ilivyo, na mimi ningekuwa upande wao.