Lori Lisilo na Dereva

Nyuma ya barabara kuu ya Tunduma, mahali ambapo ngurumo za malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde hazikatiki usiku wala mchana, kipo chumba kimoja cha matofali ya kuchoma ambamo fundi wa programu, mtu mpole wa maneno machache, hufundisha vijana wawili watatu kila jioni. Nami, niliyemaliza miaka yangu ya kuandika hati za forodha na sina tena pa kwenda kati ya alasiri na isha, nimepewa kiti pembezoni mwa meza yake kwa sababu sina makelele. Kwa muda mrefu nilidhani kazi ya kompyuta ni kazi ya vidole.

Kijana aliyekuja kutoka Vwawa jioni ile ninayotaka kuieleza alikuwa na haraka ya umri wake. Alikuwa amesakinisha Java nyumbani kwao, mashine ikamjibu kwamba haiitambui amri aliyoiandika. Akafuta kila kitu, akasakinisha tena, ikamjibu vilevile. Akafuta, akasakinisha mara ya tatu. Fundi hakumcheka. Alimwonyesha kwamba Java ilikuwamo salama tangu mara ya kwanza, ila mashine haikuwa imeelekezwa folda ilipo, ikawa kama mgeni aliyeteremka stendi asijue nyumba ya mwenyeji wake. Kisha akamfungulia BlueJ, mazingira ya kujifunzia yaliyotoka mwaka 1999 kwa kazi ya Michael Kölling na John Rosenberg huko Australia, akamwuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Umewahi kufyatua matofali?"

"Ndiyo, mwalimu. Na baba, kila kiangazi."

"Ulishaona mtu amejenga nyumba kwa kalibu?"

Kijana akatabasamu, na somo likawa limekwisha kuingia. Klasi ni kalibu. Kitu kinachotoka humo, chenye unyevu wake na nyufa zake, ndicho tofali, na programu hujengwa kwa matofali. Nimepata kuwasikia wasomi wakilieleza jambo hilo saa nzima wasifike hata nusu ya hapo. Katika BlueJ kalibu huonekana kama kisanduku chenye michirizi ya mshazari, na michirizi haiondoki mpaka maandishi yakompailiwe na kuonekana hayana kosa la sarufi. Na vitu vilivyofyatuliwa hupangwa chini ya kioo, visanduku vyekundu, mahali palipofanywa mfano wa meza ya seremala.

Kijana aliandika klasi ya Lori, lenye nambari ya usajili, mzigo na dereva. Akafyatua lori lake la kwanza, akaliagiza litaje jina la dereva kwa herufi kubwa. Maandishi mekundu yakamiminika.

"Imekufa, mwalimu," akasema, na mkono umekwisha kwenda kufunga.

"Inakusemesha. Isikilize."

Hapo ndipo nilipouona ustadi wenyewe. Fundi alichukua daftari lake kubwa, lile tunaloliita kaunta buku, akaliegemeza kwenye kioo hata ukabaki mstari mmoja tu wa juu, akamtaka kijana ausome kwa sauti, pole pole, kama mtu asomaye barua ya jamaa aliye safarini. Mstari ulisema programu imeshika kielekezi kisichoelekeza popote. Akalishusha daftari mstari mmoja, kisha mwingine, akimwambia ayapite majina ya mafaili asiyoyajua, maana hayo ni ya wenyewe, asimame penye faili lake mwenyewe. Wakalifikia, pamoja na nambari ya mstari. Ndipo akafungua kile kisanduku chekundu kuchungulia ndani: nambari ipo, mzigo upo, shaba; dereva, nali, yaani hakuna kitu. Kalibu ilikuwa imepokea nambari na mzigo, na hakuna aliyempandisha dereva garini. Kijana akatazama nje ya dirisha, ambako malori yasiyo na madereva yalikuwa yamejipanga ilhali wenyewe wako kwa mama ntilie, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Hiyo nali, fundi aliniambia baadaye, aliibuni Mwingereza Tony Hoare mwaka 1965, na mwaka 2009 akaitubia hadharani akiiita kosa lake la dola bilioni. Mwaka huohuo wa 1965 Hazina yetu ilipata kompyuta ya kwanza nchini; na mwaka 1974, reli ya TAZARA ikiwa bado inajengwa, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Walakini lililonigusa zaidi ni hili: Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, Wanorwe waliotunga lugha ya Simula 67 iliyoleta fikra ya klasi, walikuwa na mfano wa foleni ya malori na mabasi mbele ya kituo cha ushuru wa daraja. Wangalifika Tunduma wasingejiona wageni.

Lile daftari nalo lina kila kosa alilopata kukutana nalo, siku yake, chanzo chake na tiba yake, kwa mwandiko wa shule ya zamani. Faili limeitwa lori kwa herufi ndogo, klasi Lori kwa kubwa. Hesabu imeanzia moja badala ya sifuri, lori la kwanza likakosekana katika orodha. Nambari mbili za usajili zilizoandikwa sawasawa zimeambiwa si sawa, kwa kuwa programu ililinganisha mahali zilipohifadhiwa badala ya herufi zake. Nililisoma hilo nikakumbuka enzi za karatasi, nilipokosea herufi moja ya nambari ya trela, na lori la mtu likalala mpakani siku nne kwa uzembe wangu.

Ujuzi kama huo hupotea. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha chuma kutoka katika mawe ya nchi yao; majembe ya dukani yakaja, matanuri yakapoa, na leo mtoto wa huko atakupeleka kwa fahari kuona kimondo, chuma kilichoshuka bila jasho la mtu, asijue tanuri la babu yake lilisimama wapi. Vivyo hivyo vijana wa siku hizi huyanakili maandishi mekundu yote bila kuyasoma, wakayatia katika simu, simu ikawaandikia dawa. Programu ikaenda, nao wakaenda. Aghalabu hawajui ilikuwa inaumwa nini.

Juzi nilikuta mmoja wao ameliweka lile daftari chini ya ruta, ili ikae juu ishike mtandao. Fundi hakusema neno. Alilitoa, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akatoka nje. Akarudi na kipande cha tofali, akakiweka pale pale lilipokuwa.