Si Kila Chenye Mnyororo ni Kifaru

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za fani ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kudhaniwa kuwa ni mchezo wa kupitishia wakati tu, nayo ni fani ya kuunganisha na kupaka rangi modeli za plastiki za magari ya kivita, hasa yale yachukuayo mizinga mikubwa. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi la modeli ni matini ya kiufundi iliyo fupi na kamili. Mfasiri akikosea neno, kosa lake huonekana mezani papo hapo. Pili, kosa moja linalojitokeza katika matini za namna hii, yaani kuliita kifaru kila gari la vita lenye minyororo, ni lile lile linaloingia katika tafsiri za taarifa za vita, ambako madhara yake si ya mchezo.

Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji mashuhuri wa modeli hizi, huchapisha maelekezo yake kwa Kijapani, Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mwalimu wa kazi za mikono au kijana anayetaka kuyasoma kwa Kiswahili hana budi kujitafsiria mwenyewe, au kuiachia kompyuta imtafsirie. Njia zote mbili huishia kwenye maneno ya kamusi yaliyopangwa bila kufikiriwa kazi yenyewe.

Kifaru na mipaka yake

Neno kifaru, kwa maana ya gari la vita, ni neno jema wala hatukusudii kulipinga. Ngozi nene, uzito na tabia ya mnyama yule ya kumwendea adui uso kwa uso vyote vinaafikiana na chombo chenyewe. Lugha nayo imekwisha kuvitenganisha viwili hivi kwa upatanisho wa kisarufi: mnyama twasema kifaru amejeruhiwa, chombo twasema kifaru kimeharibika. Ubaya unaanza pale neno linapotandazwa lifunike kila kitu kinachotembea kwa minyororo.

Tuchukue mfano wa M7, gari la Kimarekani lililoanza kutengenezwa mwaka 1942, ambalo modeli zake zimetolewa na Italeri ya Italia na Dragon ya Hong Kong. Chasisi yake ilikuwa ya kifaru cha M3, lakini juu yake uliwekwa mzinga wa milimita 105 ndani ya sanduku la chuma lisilo na paa. Bamba za chuma hicho zilitosha kuzuia risasi za bunduki na vipande vya makombora, si zaidi. Kazi yake haikuwa kumkabili adui uso kwa uso. Ilikuwa kukaa nyuma ya mstari wa mapigano, pengine nyuma ya kilima, na kurusha makombora umbali wa kilomita 10 hivi, mpigaji akielekezwa kwa hesabu za mtu mwingine aliye mbele.

Mtu aweza kusema kwamba tofauti hii ni ya wanajeshi, haimhusu mtumishi wa serikali. Tunadhani inamhusu sana. Tuseme taarifa imeletwa kwamba magari kumi ya namna hii yamefika ng'ambo ya mto, naye mfasiri akaandika vifaru kumi. Ofisa anayesoma atafikiri juu ya madaraja na barabara, maana kifaru hutazamiwa kuja. Hatafikiri juu ya kijiji kilicho kilomita nane kutoka mtoni, ambacho kimekwisha kuwa ndani ya masafa ya mizinga hiyo hata kama hakuna gari moja litakalovuka. Neno moja limemwondolea habari aliyoihitaji kuliko zote.

Kipambanuzi ni nini?

Wapo watakaopendekeza tupambanue kwa umbo: kwamba kifaru ni kile chenye kibanda cha juu kinachozunguka pamoja na mzinga wake, na kisichokuwa nacho si kifaru. Kipambanuzi hiki hakifai. M109 ya Marekani, yenye mzinga wa milimita 155 na iliyoingia jeshini katika miaka ya 1960, ina kibanda kinachozunguka, na bado ni chombo cha kupiga kutoka mbali. Wala mnyororo haufai kuwa kipambanuzi, maana DANA ya Czechoslovakia ya zamani hutembea kwa magurudumu manane, na G6 ya Afrika Kusini kwa magurudumu sita, nazo ni za jamii ile ile ya M7. Kinachobaki ni kazi. Istilahi nzuri hapa ni ile itakayotaja kazi ya chombo.

Tafsiri inayotumika mara nyingi ni mzinga unaojiendesha. Inafuata neno kwa neno istilahi za kigeni, ambazo zilikusudia kuutofautisha mzinga huu na ule unaokokotwa na gari au wanyama. Lakini Kiswahili cha leo kimekwisha kulipa neno kujiendesha kazi nyingine. Gari linalojiendesha ni gari lisilo na dereva. Msomaji atakayeambiwa habari za mzinga unaojiendesha atadhani hauna watu ndani, ilhali M7 ilikuwa na askari saba.

Pendekezo la pili ni mzinga wa gari. Kwa mantiki lina nguvu, kwa sababu linataja kwanza jinsi ya kitu, yaani mzinga, kisha sifa inayokitofautisha. Hata hivyo tumelijaribu ndani ya maelekezo ya modeli nasi tumeliona lina kasoro. Kwa kuwa mzinga wa kifaru hufahamika kuwa ni sehemu ya kifaru, maelekezo yakisema paka rangi mzinga wa gari, fundi atapaka mtutu peke yake na kuliacha gari zima.

Kwa hiyo tunapendekeza gari la mzinga. Muundo wake ni ule wa gari la wagonjwa na gari la zimamoto, ambao watu wote wanauelewa: gari, na shughuli iliyolifanya liundwe. Pingamizi moja laweza kutolewa, kwamba mtu atalichanganya na gari linalovuta mzinga nyuma yake. Hilo tuliite gari la kukokotea mizinga, na mzinga wenyewe tuuite mzinga wa kukokotwa.

Historia ya M7 yenyewe inaipa istilahi hii ushahidi. Mwezi Agosti 1944, katika mapigano ya Normandy, jeshi la Kanada liliondoa mizinga katika M7 zaidi ya 70 na kuyatumia magari hayo kuchukulia askari wa miguu. Chasisi, minyororo na bamba za chuma vilibaki vile vile. Anayeita vyote kifaru hana namna ya kueleza kilichobadilika. Sisi twaweza kusema kwa sentensi moja kwamba magari ya mizinga yalifanywa magari ya kuchukulia askari.

Majina ya pekee

Waingereza waliita M7 kwa jina Priest kwa kuwa pahali pa bunduki ya rashasha, palipojitokeza pembeni mwa gari, palifanana na mimbari ya kanisani. Kabla yake walikuwa na Bishop, na baadaye wakaja Sexton na Abbot. Wajerumani nao walitumia majina ya wadudu: Wespe, yaani nyigu, na Hummel, ambaye ni mdudu wa jamii ya nyuki. Mfasiri afanye nini?

Akitafsiri, atapata sentensi kama hii: Padri alipiga makombora usiku kucha. Hiyo si tafsiri, ni dhihaka asiyoikusudia. Akiliacha jina peke yake, Priest ilipiga, msomaji hajui kama ni mtu, kikosi au meli. Shauri letu ni kuliacha jina kama lilivyo na kulitanguliza kwa nomino ya jumla ambayo ndiyo itakayoongoza upatanisho: gari la mzinga Priest lilipiga, magari ya mizinga Wespe yalionekana. Maana ya jina yaweza kuelezwa mara moja mwanzoni, ikiwa msomaji ataihitaji.

Tahadhari hiyo hiyo inafaa kwa lakabu zetu wenyewe. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, magari ya roketi ya BM-21 yalijulikana kwa jina la Saba Saba. Ni lakabu yenye historia na inastahili kuhifadhiwa, lakini haituambii chombo ni cha jamii gani. Lakabu na istilahi ni vitu viwili, nazo hutimiza haja mbili tofauti.

Maneno ya mezani

Sasa tutazame maneno ya kazi yenyewe. Vipande vya modeli huja vikiwa vimeshikamana na fremu za plastiki, kila kimoja kwa kishikio chembamba, mfano wa matunda mtini. Tunapendekeza fremu hiyo iitwe tawi, na kishikio kikonyo. Agizo likisema kata kikonyo, kisha lainisha kovu kwa msasa, hata asiyepata kuiona kazi hii ataelewa. Minyororo ya gari huja ama vipande virefu ama pingili moja moja za kuunganishwa kwa gundi. Neno pingili, tulilolizoea katika muwa, linafaa bila kuongezewa chochote.

Gundi inahitaji uangalifu zaidi. Gundi nyingi hukauka katikati ya vitu viwili na kuvishika. Ile ya modeli za polistirini huyeyusha nyuso zote mbili mpaka zikawa kitu kimoja. Anayeandika gundi tu humruhusu msomaji atumie gundi ya karatasi, ambayo haitashika. Humnyima pia onyo, maana mvuke wa kiyeyushi haufai kuvutwa katika chumba kilichofungwa. Tuseme gundi ya kuyeyusha.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika rangi. Baada ya rangi ya msingi na rangi kuu, fundi huchukua rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana na kuipitisha juu ya modeli, ili ituame katika mifereji na kuonyesha maungo ya gari. Lugha nyingi hutumia kwa jambo hili neno lenye maana ya kuosha. Mfasiri akiandika osha modeli, fundi atachukua maji na sabuni. Kosa hili halijulikani upesi, kwa sababu kuosha kwa kweli nako kumo katika kazi hii: vipande huoshwa kabla ya kupakwa ili mafuta ya kiwandani yaondoke. Tunapendekeza kutuamisha rangi kwa lile la pili, na kuosha tubaki nako kwa maji tu. Kulifanya gari lionekane limetumika, lenye kutu, tope na michubuko, tukuite kuchakaza. Neno lipo, lina mnyumbuliko unaojulikana, na halihitaji mkopo.

Kwa majina ya rangi pia tunayo hazina. Rangi ya msingi ya chuma katika magari ya Wajerumani, nyekundu iliyofifia, inakaribiana na tunayoiita damu ya mzee. Rangi ya magari ya Kimarekani ni kijani cha zaituni kilichochanganyika na ukahawia. Mfasiri asiandike kijani tu, maana kijani cha majani mabichi kitaiharibu kazi nzima.

Mwisho tutaje skeli, neno ambalo walimu wa jiografia wamekwisha kulizoesha. Modeli nyingi za magari haya ni za skeli ya 1 kwa 35, yaani gari la urefu wa mita 6 huwa na sentimita 17 hivi, na askari wa sentimita 175 huwa na sentimita 5. Isiandikwe kwamba modeli ni ndogo mara 35. Ni urefu tu uliogawanywa kwa 35. Eneo la uso limegawanywa kwa 1,225 na ujazo kwa 42,875. Mwalimu wa hesabu ana somo zima hapo, iwapo mfasiri hatalipotosha.

Hitimisho

Tumependekeza gari la mzinga, mzinga wa kukokotwa, gari la kukokotea mizinga, modeli ya kuunganisha kwa boksi zima, tawi, kikonyo, pingili, gundi ya kuyeyusha, kutuamisha rangi, kuchakaza na skeli. Yafaa ieleweke kwamba karibu maneno yote haya yalikuwemo katika lugha, nasi tumeyapa kazi tu. Kilichokosekana si msamiati, bali desturi ya kukitazama kitu kinavyofanya kazi kabla ya kukipa jina. Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao. Pale watakapoona neno limeshindwa, watueleze limeshindwa katika sentensi gani.