Namba, Lakabu na Neno "Haramu": Lugha ya Kizuizini katika Kitabu cha Behrouz Boochani

Kitabu cha Behrouz Boochani, No Friend but the Mountains (2018), husomwa zaidi kama ushahidi wa mateso. Makala haya yanakisoma kama kitabu kinachohusu pia mamlaka ya kutaja watu, suala ambalo Kiswahili hakijalitatua.

Boochani, Mkurdi kutoka Iran, alifika Australia kwa mashua mwaka 2013 kuomba hifadhi. Chini ya sera iliyotangazwa tarehe 19 Julai mwaka huo, waliofika kwa mashua bila viza walinyimwa makazi nchini humo na kupelekwa Nauru au kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Akiwa kizuizini Manus, aliandika kwa Kifarsi kupitia ujumbe wa simu. Omid Tofighian akatafsiri kwa Kiingereza.

Serikali ilipaita mahali hapo kituo cha kushughulikia maombi. Boochani anapaita gereza, na neno lake halina chuku: Aprili 2016, Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea iliamua kwamba kuwazuia watu hao kulikiuka katiba.

Kambini watu walitajwa kwa namba. Mwandishi anawapa wahusika wake lakabu. Hapo pana udhaifu: mhusika anayeitwa "Ng'ombe" anabanwa katika sifa moja, ya ulaji. Hata hivyo, lakabu huzaliwa na watu wanaotazamana kila siku, ilhali namba humtoshea yeyote. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba masimulizi ni ya wanaume wa Manus. Wanawake na watoto wa Nauru hawasikiki.

Mwaka 2013 waziri wa uhamiaji wa Australia aliagiza wanaofika kwa mashua waitwe "haramu". Vyombo vya habari vya Kiswahili hutumia "mhamiaji haramu" bila kuagizwa na yeyote. Neno hilo ni zito kuliko "kinyume cha sheria": hubeba najisi na dhambi, kama katika "mwanaharamu". Linapomwangukia mwomba hifadhi, linamhukumu kabla ombi lake halijasikilizwa, ingawa kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, maadamu anajitokeza mapema na kueleza sababu.

Suala hili limeshafika katika ukanda huu. Mwaka 2022 Uingereza ilikubaliana na Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi, kuwapeleka huko waomba hifadhi. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa mpango huo haukuwa halali, na mwaka 2024 serikali mpya ikaufuta.

Mabaraza ya Kiswahili na wahariri wanaweza kuchukua hatua isiyo na gharama: kumwita "mwomba hifadhi" kila ambaye ombi lake halijaamuliwa, na kueleza kuingia kwake kuwa "bila kibali". Kibali kinaweza kutolewa baadaye. Uharamu ukishabandikwa, haubanduki kwa urahisi.