Katika Kuisifu Kazi ya Kufunga Lenzi

Watu wengi wakitazama picha ya nyota husifu kioo cha lenzi, na baadhi yao husifu kamera. Bali mimi, kwa muda wote niliojishughulisha na kazi hii hapa Mbesa, mkoani Ruvuma, ambako usiku usio na mwezi mbingu huwa nyeusi kwelikweli, nimeona kuwa sifa iliyo kubwa zaidi ni haki ya kazi isiyoonekana katika picha hata kidogo, nayo ni kazi ya kufunga. Nakusudia ule ufundi wa kuishika lenzi kwa pete za chuma, kuilaza ubavuni mwa darubini ndogo ya kuongozea, na kuvikaza viwili hivyo juu ya kitako kimoja hata viwe mwili mmoja, kimoja kisiweze kuinama pasipo mwenzake kuinama naye kwa kadiri ile ile.

Haja ya ufundi huu yatoka katika mwendo wa dunia. Huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa ajili hiyo nyota iliyo juu ya ikweta ya mbingu husogea sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa, na digrii moja ina sekunde za pembe 3,600. Lenzi ya milimita 200, ikiwa na kamera ambayo kila nukta yake ina upana wa mikroni 4, hutenga sekunde 4 hivi za pembe kwa kila nukta. Basi nyota isiyofuatwa huvuka karibu nukta nne kwa muda wa kutamka bismillahi. Mota ya kitako huipunguza kazi lakini haiimalizi, maana gia ina kasoro zake zinazorudi kila mzunguko, na kwa gia yenye meno 180 mzunguko huo huchukua dakika nane. Nasi wa huku tuna udhia mwingine: ncha ya kusini ya mbingu iko digrii 11 tu juu ya upeo wa macho, aghalabu nyuma ya mikorosho, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata jicho huipata kwa taabu, ilhali nyota ya kaskazini, tegemeo la wenzetu wa Ulaya, kwetu haichomozi kabisa. Kosa linalobaki huachiwa darubini ya kuongozea, ambayo kamera yake huikodolea macho nyota moja, na programu huirekebisha mota kila nyota hiyo inapoteleza japo sehemu ndogo ya nukta.

Jua ni jambo jingine. Lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016, na kilele cha kupatwa huko kikaangukia kusini mwa Tanzania, si mbali na Tunduru, ambako pete ya nuru ilidumu dakika 3 na sekunde 6, picha yake ilihitaji sehemu ndogo tu ya sekunde. Nyota zataka kungojwa.

Afrika imeujua ufundi huu zamani. Mwaka 1882, nyota kubwa yenye mkia ilipotokea, David Gill, mkuu wa kituo cha falaki cha Rasi ya Tumaini Jema, alimwita mpiga picha wa Mowbray aitwaye Allis, wakaifunga kamera yenye lenzi ya kupigia watu picha juu ya darubini ya kituo, na Gill akaweka jicho darubinini ili nyota ile isitoke mahali pake wakati sahani ya kioo ikipokea mwanga, mara nyingine kwa zaidi ya saa nzima. Sahani ziliposafishwa, nyuma ya mkia zilionekana nyota tele. Ndipo Gill akaona kuwa mbingu yaweza kuandikishwa kwa picha, na kutokana na wazo hilo yeye na Jacobus Kapteyn wa Uholanzi wakatoa daftari la nyota 454,875 za kusini. Leo kamera yafanya kazi ya jicho la Gill. Kazi ya kufunga ingali ya mikono.

Adui wa mfungaji ni mnyumbuko. Darubini ya kuongozea haijui lolote ila nyota yake. Ikiinama huku na lenzi ikainama kule, itatoa habari za salama, na picha itatoka na nyota zilizovutika zote upande mmoja. Tuseme pete za lenzi zimeachana milimita 200, na skrubu moja ikadidimia sehemu moja ya mia ya milimita, kipimo kisichohisika kwa ukucha: lenzi imekwisha kugeuka sekunde 10 za pembe, yaani nukta mbili na nusu. Mafundi wa mtepe walishona mbao zao kwa kamba ili chombo kinyumbuke kikipigwa na wimbi, na unyumbufu huo ndio uliokiokoa. Mfunga lenzi ataka kinyume chake kabisa.

Kwa hiyo siuamini mguu wa lenzi ulioshikwa kwa bolti moja, maana kishikwacho mahali pamoja hakikosi kugeuka. Lenzi nzito huishika mahali pawili, karibu na shingo ya kamera na huko mbele, penye chuma kisichozunguka, kamwe si juu ya pete ya fokasi. Mpira laini siutaki kati ya chuma na chuma. Afadhali kitalizo kilichochongwa kwa mninga, mti usifikao kwa kutopinda ukishakauka. Skrubu tatu za kila pete hukazwa kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hata zote zitoe ukinzani ulio sawa kidoleni. Waya wa kamera, ambao wengi huuacha uning'inie, hufungwa kwanza kwenye reli ibebayo pete, kwani waya uning'iniao huvuta polepole usiku kucha. Uzani nao huachwa uelemee mashariki kidogo, ili meno ya gia yaegemeane daima.

Kisha huja mtihani. Nyota ikiwa katikati ya kioo cha kamera, naisukuma ncha ya lenzi kwa kidole, pasipo nguvu, halafu naiachia. Nyota huruka, na yapasa irudi pale pale ilipokuwa. Ikituama pembeni, japo kwa nukta moja, pana kiungo kilicholegea, nami hukisaka kutoka kitako kwenda juu, reli, pete, skrubu, shingo, nikisukuma kila kimoja peke yake. Sijui kazi ya mikono yenye insafu kuliko hii, kwa kuwa ushahidi wake hautoki kwa mnunuzi wala kwa msifu, watoka kwa nyota.

Juni hadi Agosti, mvua zikiwa mbali na Nge akipita karibu na utosi, mfungaji hutaabishwa na baridi, ambayo hukifinyaza chuma na kuidai fokasi ipimwe tena usiku wa manane; baadaye moshi wa mashamba huja. Nami nikiulizwa na kijana mwenye fedha ya kitu kimoja, lenzi bora au pete bora, humwambia anunue pete, kisha atafute lenzi kuukuu ya milimita 135, aifinye tundu lake hadi f/4, na aanze na Msalaba wa Kusini, ambao katika miezi hiyo huwa umekwisha kupanda giza linapoingia.