Nocturne na Bei ya Zamu

Nikimwambia mtu kwamba gemu ninayoipenda kuliko zote inachezwa kwa zamu, uso wake hubadilika kidogo. Ananiona kama mzee wa drafti. Vijana wa rika langu wanataka kukimbia, kuruka na kufyatua. Mimi nachagua neno kwenye orodha, kisha nangoja adui naye achague lake. "Sasa hiyo si kama kujaza fomu?" jirani yangu aliniuliza siku moja akichungulia skrini yangu. Swali zuri. Kwa gemu nyingi za Kijapani za aina hii, tukisema ukweli, jibu ni ndiyo. Unabonyeza "shambulia" huku unakula chapo kwa mkono mwingine, namba zinapanda, adui anaanguka, unasonga.

Shin Megami Tensei III: Nocturne haikuruhusu kula chapo. Ilitengenezwa na Atlus wa Japani, ikatoka huko 2003 kwenye PlayStation 2. Toleo lililosafishwa lilifika duniani kote 2021, kwenye PlayStation 4, Switch na kompyuta. Hilo la pili ndilo ninalocheza, kwa laptopu ya mitumba ambayo feni yake hulia kama bodaboda inayopanda mlima.

Stori kwa ufupi: wewe ni mwanafunzi wa Tokyo. Umeenda hospitalini Shinjuku kumwona mwalimu wako, na dunia inaisha ukiwa ndani ya jengo. Hakuna vita wala jeshi la kuja kuokoa mtu. Inaisha tu, halafu mji wa Tokyo unajikunja ukawa kama mpira uliogeuzwa ndani nje, na katikati yake linaning'inia jua bandia linaloitwa Kagutsuchi. Watu karibu wote wamekufa. Wewe umepandikizwa mdudu mwilini, umekuwa nusu mtu nusu shetani. Waliobaki, wakiwemo marafiki zako wawili, wanashindana nani ataumba dunia mpya kwa wazo lake. Nitarudi kwa mawazo hayo. Kwanza twende vitani, maana huko ndiko gemu hii inakofikiria kwa kweli.

Sheria yenyewe inaitwa Press Turn, na ni fupi. Kundi lako lina wapiganaji wanne: wewe na mashetani watatu uliowashawishi wajiunge nawe. Kila mmoja analeta alama moja ya zamu, na alama zote zinaonekana juu ya skrini. Kitendo cha kawaida kinakula alama moja. Lakini ukimpiga adui penye udhaifu wake, tuseme umemrushia barafu asiyeweza baridi, kitendo kinakula nusu tu. Nusu nyingine inabaki ikimetameta, ikikungoja. Ukijua kupiga, alama nne zinakuwa vitendo vinane. Unaweza pia kumpisha mwenzako anayefuata, na hilo nalo linakugharimu nusu.

Upande wa pili sasa. Ukikosa shabaha, au ukirusha kitu ambacho hakimdhuru adui kabisa, umepoteza alama mbili kwa mpigo. Na ukimrushia moto yule anayekula moto, zamu yote imeisha, hata kama ndiyo kwanza umeanza.

Mzee wa drafti anaelewa jambo hili haraka kuliko mtu wa gemu za mpira. Kwenye drafti zamu si hatua moja. Ukila kete na nyingine ikawa wazi mbele yako, unaendelea kula. Kwenye bao la Waswahili ndiyo kabisa: unasambaza, unakula, unasambaza tena, na zamu yako haiishi mpaka kete ya mwisho ilale kwenye shimo tupu. Yaani zamu ni kitu kinachorefuka au kufupika kulingana na akili yako. Nocturne imelichukua wazo hilo na kulitia bei. Hapa huulizi tu "nitampiga kwa nguvu gani?" Unauliza "hiki kitendo kitanigharimu kiasi gani, na kitamwachia nini mwenzangu?"

Halafu kuna jambo lililonishika shati: sheria hiyo hiyo inamhusu adui. Ukiwa na shetani mmoja kundini anayeogopa umeme, vijidudu vitatu vya njiani, ambavyo ungevidharau, vitampiga yeye, vitapata zamu ya ziada, vitampiga tena, na kabla hujakunywa chai kundi zima liko chini. Hawakukushinda kwa ubavu. Waliona mlango ulioacha wazi wakapita. Gemu nyingi humpa mchezaji faida za siri ili ajione shujaa. Hii inakupa kanuni na kumpa adui kanuni ile ile, kisha inakaa kando.

Matador ndiye anayekufundisha haya vizuri zaidi. Unakutana naye kwenye njia ya chini ya ardhi ya Ginza: mifupa mitupu iliyovaa nguo za mpigana na ng'ombe wa Kihispania, upanga mkononi na kitambaa chekundu. Cha ajabu, hakuwemo kwenye toleo la kwanza la 2003. Aliongezwa katika toleo lililopanuliwa la 2004, na leo ni vigumu kuifikiria gemu bila yeye. Anaanza pigano kwa kupunga kile kitambaa, na papo hapo wepesi wake wa kukwepa na kulenga unafika juu kabisa. Sasa unamrushia ngumi, unakosa, alama mbili zimeenda. Unarusha tena, unakosa, zamu imeisha. Yeye sasa. Yeye hakosi.

Hapa ndipo mazoea ya kusaga yanapovunjika. Kwenye gemu nyingine ukishindwa unarudi nyuma, unaua vijidudu mia mbili, namba yako inakuwa kubwa, unarudi na kumponda bosi. Kwa Matador, namba kubwa zitakusaidia kidogo, lakini ngumi kubwa inayokosa bado ni ngumi iliyokosa. Anachotaka ufanye ni vitu ambavyo wachezaji wengi huvipuuza kama vya waoga. Puliza ukungu umpunguzie wepesi. Ongeza wepesi wa kundi lako, mara moja, mara mbili, mara tatu, na katika gemu hii nyongeza hizo hazichakai zenyewe. Zinakaa hadi mtu azifute. Tafuta shetani ambaye upepo haumgusi, ili Matador akipeperusha kundi zima, hasara iwe yake. Siku utakapoona alama zake mbili zinapotea kwa sababu ya kiumbe kidogo ulichokiweka pale makusudi, maze, utacheka peke yako usiku.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa kupita burudani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo nimekutana na watu wengi wanaouliza kiwango changu kabla ya kuuliza ninachoweza kufanya. Ninaishi kwa vibarua vya kuandika. Kwa hiyo gemu inayosema kwamba mpangilio wa vitu ulivyo navyo unaweza kushinda ukubwa wa namba iliyoandikwa juu ya kichwa chako, hiyo naielewa kwa mwili.

Na mashetani hawa hupewi bure. Unaongea nao katikati ya vita. Mmoja anataka hela, mwingine anataka damu yako kidogo, mwingine anakuuliza swali la falsafa kisha anachukua zawadi na kutoroka. Ukiwapata, unawapeleka kwenye jengo ambako wawili wanaunganishwa kuwa mmoja mpya, anayerithi baadhi ya ujuzi wa wazazi wake. Katika toleo la zamani urithi huo ulikuwa bahati nasibu. Toleo jipya linakuachia uchague mwenyewe. Wapenzi wa zamani wengine wanalalamika kwamba hilo limerahisisha mambo. Mimi nasema mtu mwenye stima ya tokeni hana muda wa kurudia orodha mara arobaini.

Sasa yale mawazo ya dunia mpya. Yako matatu. Shijima inataka utulivu kamili, watu wote wawe kama kitu kimoja kisicho na tamaa. Yosuga inataka wenye nguvu watawale na wanyonge wafutwe. Musubi inataka kila mtu aishi peke yake katika dunia yake, asimhitaji yeyote. Wahakiki wengi husema sehemu hii ni baridi, wahusika wanaongea kama vipeperushi. Ni kweli, wanaongea hivyo. Rafiki yako Chiaki anakuwa mtume wa Yosuga kwa mazungumzo machache mno, na Isamu anaingia Musubi kama mtu aliyenuna.

Lakini angalia ulifikaje hapo kuwasikiliza. Ulifika kwa saa nyingi za mapigano yanayokataa mawazo yote matatu. Yosuga inasema nguvu ndiyo kila kitu, ilhali wewe umeona jitu lenye nguvu likimaliza zamu ya kundi zima kwa pigo moja lisilofaa. Musubi inasema usimhitaji mtu, na wewe umeishi kwa nusu zamu ulizoachiwa na wenzako. Shijima inataka wote wafanane; jaribu kuingia vitani na wanne wanaofanana uone adui akipata udhaifu mmoja wa kuwamaliza wote. Hakuna mhusika anayesimama kuyasema haya. Yamo kwenye hesabu za zamu tu, na kwangu ndiyo hoja nzito kuliko hotuba zote za gemu hii.

Isidhaniwe haina dhambi. Ukifa wewe, mchezo umekwisha, hata kama mashetani wako watatu wamesimama wazima, na kuna uchawi wa nuru na wa giza unaoua papo hapo. Usipojikinga, unaweza kupoteza saa nzima kwa bahati mbaya ya sekunde mbili. Hapo ile sheria ya haki niliyoisifu inapinda. Mabosi wa baadaye nao wana jicho la kichawi linalowaongezea alama za zamu hivi hivi, bila kumgusa udhaifu mtu yeyote. Na vijidudu vya njiani vinakurukia kila hatua chache, ndani ya majengo ambayo korido zake zinafanana kama ploti za mtaani kwetu.

Kama utaijaribu, usione haya kuanza na kiwango cha huruma. Kipo kwenye toleo jipya. Na yule Pixie mdogo utakayemkuta hospitalini, shetani wako wa kwanza, mwenye ujuzi wa kuponya kidogo na umeme kidogo: mkifika bustani ya Yoyogi atakuuliza kama aende zake au abaki. Kwa hesabu, hana faida yoyote tena. Mwambie abaki. Hata ukimuunganisha na wengine, usiupoteze ukoo wake. Mbali sana, chini kabisa kwenye Labyrinth of Amala, kuna mlango unaomngoja yeye, na atakayetoka hapo hafanani tena na yule uliyekuwa unamwonea huruma.