Nyama Ipo, Imekaa Pabaya

Mtoto mchanga akizaliwa na mdomo wazi, ule ambao mitaani huitwa mdomo sungura, jicho la kila mtu hukimbilia kwenye pengo. Madaktari nao kwa muda mrefu walilitazama pengo hilohilo. Walichonga kingo zake mbili, wakazivuta zikutane, wakashona mstari ulionyooka. Kovu lilipokomaa lilijikunja, likaupandisha mdomo juu upande ule, na mtoto akabaki na kasoro ambayo hata mpita njia aliitambua.

Mwaka 1952 Charles Tennison, Mmarekani, alipendekeza kuchomeka pembetatu ya nyama sehemu ya chini ya mdomo. Urefu ulipatikana, lakini kovu lilikata kona katikati ya kile kijifereji kinachoshuka kutoka puani, mahali ambapo uso wa binadamu hauna mstari wa aina hiyo.

Ralph Millard, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile aliyekuwa Korea na kikosi cha wanamaji wa Marekani, alianza na swali jingine: kipi kipo? Aligundua kuwa sehemu kubwa ya upinde wa mdomo wa juu ipo tayari kwenye ule upande mzima. Haijapotea. Imevutwa juu kuelekea puani, ikakaa mshazari. Kazi ya daktari basi ni kuishusha irudi mahali pake. Wazo hilo aliliwasilisha Stockholm mwaka 1955, na naliona kuwa mojawapo ya mawazo safi kabisa katika upasuaji wa uso.

Usafi wake unaonekana ukirudi tumboni. Mwishoni mwa wiki ya 4 ya mimba, uso ni vinundu vitano tu vinavyozunguka tundu la kinywa: kimoja cha paji, viwili vya taya la juu, viwili vya taya la chini. Seli zinazovijenga zimesafiri kutoka mgongoni mwa kiinitete. Kati ya wiki ya 6 na ya 7, vinundu vya taya la juu husogea katikati na kuungana na vile vilivyoota kwenye kile cha paji kuzunguka matundu ya pua. Hapo ndipo mdomo wa juu unapopatikana. Visipokutana upande mmoja, na mara nyingi huwa ni wa kushoto, kila kipande huendelea kukua peke yake. Hata msuli unaouzunguka mdomo, ukishindwa kuvuka pengo, hugeuka na kupanda kandokando ya ukingo hadi chini ya pua, ukajishikiza huko. Kila mtoto anapolia, msuli huo unavuta pua na mdomo kuelekea pande zisizo zake.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Kabla ya kisu kuna wino. Daktari anaweka nukta katikati ya upinde, nyingine kwenye kilele cha upande mzima, kisha anapima umbali uleule kuelekea upande wa pengo na kuweka nukta ya tatu. Nukta hiyo ya tatu ndiyo inayotakiwa kushuka. Kutoka hapo mkato unapanda kwa kujipinda, unafuata ukingo wa pengo na kuishia chini ya kile kinguzo cha ngozi kinachotenganisha matundu ya pua. Ukikamilika, mdomo unazunguka na kuteremka, upinde unakaa sawa. Kushuka huko kunaacha uwazi wa pembetatu chini ya pua, na uwazi huo unajazwa na nyama ya upande wa pili inayosogezwa mbele. Kipande kidogo kinachosalia hutumika kurekebisha kinguzo au sakafu ya tundu la pua. Halafu msuli unabanduliwa kutoka puani, unalazwa sawasawa na kushonwa na mwenzake. Hatua hii ikifanywa kwa pupa, ngozi itapendeza siku ya kutoa nyuzi na kuharibika mtoto akianza kutabasamu.

Kovu linaangukia pale ambapo ukuta wa kile kijifereji ungekuwepo. Ndiyo siri ya njia hii kudumu. Udhaifu wake upo: pengo likiwa pana, nyama haishuki vya kutosha na mdomo unabaki mfupi, na inahitaji jicho lililozoea, kwa kuwa daktari hurekebisha mkato huku akiendelea kukata. Ndiyo maana wengi leo hutumia njia zilizoibadili hii ya Millard.

Kwa Afrika Mashariki, upasuaji wa aina hii una historia ya karibu. Shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilitokana na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliokutana kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wote watatu walikuwa wa fani hiihii.

Mama wa mtoto kama huyu husingiziwa mengi, hata kwamba alimcheka mtu akalipwa. Kwa hesabu ya dunia, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa, na chanzo ni mchanganyiko wa urithi na mazingira ya mimba katika wiki ambazo wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Hakuna aliyemcheka mtu akalipwa hivyo.

Ukimwona mzazi wa namna hiyo, mwambie haya. Kama kaakaa nalo liko wazi mtoto hawezi kunyonya kwa nguvu, hivyo akamuliwe maziwa na kulishwa kwa kikombe au kijiko, akiwa ameinuliwa. Uzito wake ufuatiliwe kliniki. Mdomo kwa kawaida hushonwa kuanzia miezi 3 hivi, kaakaa karibu na mwaka mmoja, kabla maneno hayajaanza kutokea puani. Aliyechelewa naye aende: hata mtu mzima hushonwa, mara nyingi kwa ganzi ya mdomoni tu.