Kinoo na Kopo la Maji

Ukiuliza mjini Butembo ni nani akunolee kisu cha jikoni, utaelekezwa kwanza kwa fundi mwenye jiwe la umeme: kelele, cheche, na mara moja unarudishiwa kisu kinachometameta. Mimi ningekutuma kwa mzee mwenye kinoo na kopo la maji, ingawa atakuambia usubiri.

Cheche zinapendeza, ila zinakula. Jiwe la mashine likizunguka kasi bila maji, makali hushika moto hadi chuma kikageuka buluu, na hapo ugumu wake umekwisha. Leo kitakata sombe, keshokutwa kitaiponda. Ni hasara, maana visu vya wahunzi wengi hufuliwa kutoka springi za magari yaliyochoka, na hicho ni chuma chema.

Mzee hulowesha jiwe, analaza bapa karibu liguse, kisha anasukuma taratibu. Mwanzoni linakwaruza, baadaye sauti inalainika. Makali hayapimi kwa macho. Anapitisha kidole gumba kwa kukingama, akitafuta unyuzi wa chuma uliojikunja upande wa pili. Akiupata, anageuza kisu. Unyuzi ukiisha, anaacha, hata kama mteja angependa aendelee kidogo ili aone amelipia kazi. Anapomkabidhi mwenyewe huwa na neno moja: "Mama, hii kisu usikatie mifupa."

Huko Beni, tangu mauaji ya mapanga yaliyoanza Oktoba 2014, sauti ya tupa juu ya panga si ya kusikilizwa kwa moyo mwepesi. Hata hivyo kakao haingoji, wala migomba. Napenda kuona panga la shamba likinolewa mchana, mlangoni, watu wakipita na kusalimia.

Kinapodhihirika kisu kizuri hasa ni kwenye kibuyu cha kunywea. Ganda likishakauka ni gumu tena jembamba. Kisu butu hulilazimisha, ufa ukakimbia kutoka shingoni hadi tumboni, chombo kikaharibika kabla hakijaonja kitu. Kisu kikali huzunguka shingo kwa subira, kikidondosha unga mweupe, mpaka kifuniko kitoke kizima. Mbegu hutolewa, ndani huoshwa tena na tena hadi uchungu uondoke. Ndipo hutiwa kasiksi: ndizi zilizoivishwa na kukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachachuka pamoja na unga wa mtama uliokaangwa. Wako wanaoapa kwamba kwenye glasi haina ladha ileile. Naona ni ubishi wa wanywaji tu. Na wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kupokezana kibuyu kulikuwa hatari. Aliyejiwekea kikombe chake peke yake hakuwa na choyo.

Mzee wa kinoo hulipwa faranga chache, na bado watu humbembeleza apunguze. Fundi wa cheche wanamlipa bila neno.